Safu ya Pili

“Munapanda miti ao munapanda foto?”

Aliyetuuliza hivyo alikuwa mama mmoja aliyeketi juu ya gunia lililokunjwa, nyundo mkononi, rundo la kokoto mbele yake. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2013, magharibi mwa Goma, pale barabara ya Sake inapoziacha nyumba za Kyeshero na kuingia kwenye mawe ya Lac Vert na Mugunga. Tulikuwa wanafunzi kama sitini, kila mmoja na fulana mpya nyeupe. Bango la kitambaa lilikuwa limefungwa kati ya vijiti viwili, na mwenzetu mwenye kamera alikuwa akitupanga kwa urefu. Kando yetu kulikuwa na miche 300 ya grevilea na mikaratusi ndani ya vifuko vyeusi vya plastiki. Tukacheka. Mmoja wetu akamjibu, “Vyote viwili, mama.” Yeye akarudi kwenye mawe yake.

Nilikuwa G2, mwaka wa pili wa chuo, na mtu wa G2 hana shaka na jambo lolote. Imenichukua zaidi ya miaka kumi kulijibu swali lile sawasawa.

Mahali penyewe palikuwa kiwanja cha chuo chetu, hekta chache za mawe meusi yenye makali, ambazo hakuna mkandarasi aliyezitamani. Asista wetu wa ekolojia, yaani mhadhiri msaidizi, ndiye aliyeomba zisiuzwe wala zisijengwe, ziachwe ziwe pori la kujifunzia. Alikuwa amesoma Kisangani, na huko wanafunzi wa sayansi wana Masako, hifadhi ya msitu iliyo kilomita kama 15 kutoka mjini, ambako wamehesabu panya, ndege na miti kizazi baada ya kizazi, huku mashamba ya wanavijiji yakiumega msitu huo kidogo kidogo. “Kila chuo kinahitaji Masako yake,” alipenda kusema. Kwenye karatasi kiwanja chetu kiliitwa hifadhi ya chuo. Sisi wanafunzi tulikiita pori. Majirani walisema tu “kule kwenye mawe.” Majina matatu kwa mahali pamoja yangetosha kutuonya kwamba kila upande ulikuwa na shughuli yake pale, lakini hatukuwa na masikio ya jambo hilo.

Asiyeijua Goma itambidi kwanza ayajue mawe haya. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umekaa chini ya Nyiragongo, mlima wa moto wenye kimo cha mita 3,470, na karibu kila ukuta, kila uzio na kila barabara ya mtaani imetengenezwa kwa kile mlima huo ulichotapika. Mwaka 1977 lava ilishuka kwa kasi mpaka ikawakuta watu vijijini kabla hawajakimbia. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia katikati ya mji, ikavuka uwanja wa ndege na kufika ziwani. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, tukiwa na godoro moja na sufuria mbili, na tuliporudi baba alituonyesha mahali nyumba yetu ilipokuwa kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya umeme. Mparachichi wetu ulikuwa umeacha tundu la duara ndani ya jiwe, lenye upana uleule wa shina. Niliingiza mkono mle ndani. Palikuwa bado na joto.

Jambo la pili ambalo mgeni hulishangaa ni kwamba Goma hunyeshewa mvua nyingi lakini haina mto. Maji yakianguka huingia kwenye nyufa za lava na kupotea. Ndiyo maana asubuhi utawaona vijana wakisukuma chukudu, mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, zilizopangwa mabidoni ya njano, wakitoka kuchota Ziwa Kivu. Mche uliopandwa juu ya mawe unaweza kunyeshewa usiku kucha na kufa kwa kiu kabla wiki haijaisha.

Hayo tuliyajua darasani. Tulikuwa hata tumefanyiwa mtihani juu yake. Lakini Novemba ile tulipanda miche 300 kwa saa tatu, tukaimba, tukala mikate na soda, tukapiga picha, tukaenda zetu. Ripoti ikatumwa kwa mfadhili, na ilisema miche 300 imepandwa. Ilikuwa kweli.

Agosti 2014, mwisho wa kiangazi, asista alituita watu sita tukahesabu. Alikuwa na daftari la mistari lenye jalada la bluu, la watoto wa shule. Alichora mstari wima katikati ya ukurasa, juu ya safu ya kwanza akaandika “Tulichopanda,” juu ya safu ya pili “Kilicho hai.” Tukapita jiwe kwa jiwe. Vifuko vingine vilikuwa bado vimeushika udongo wake, maana mpandaji alikuwa amesahau hata kuvichana. Tulipomaliza, safu ya kwanza ilisema 300, safu ya pili ilisema 19. CP wetu, yaani mkuu wa promosheni au darasa letu, kijana mwenye haya, akapendekeza turudie kuhesabu. Tukarudia. Tukapata 18.

Asista hakutukaripia. Alitukabidhi daftari akasema tangu siku ile hakuna ripoti itakayotoka bila safu zote mbili. Ilinichukua muda kuona kwamba hatukuwa tumesema uongo kwa yule mfadhili. Tulikuwa tumekinyamazia tu kilichofuata. Na katika nchi yetu, ambako miradi huja na kuondoka kama magari ya msafara, kunyamaza huko kumekuwa karibu lugha rasmi. Shule ngapi zimefunguliwa, visima vingapi vimechimbwa, watu wangapi wamepewa mafunzo: yote ni safu ya kwanza. Ya pili huhitaji mtu wa kurudi baada ya kiangazi.

Baadaye, nikisoma habari za Wangari Maathai wa Kenya, nilikuta kwamba yeye alilijua hili tangu mwanzo. Vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani, lililoanza mwaka 1977, mwaka uleule Nyiragongo ilipoua, liliwapa kina mama wa vijijini malipo madogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Mche uliochomekwa ardhini na kufa haukuwa na malipo. Watu humkumbuka kwa Tuzo ya Nobeli ya 2004, na kwa siku zile za Januari 1999 alipopigwa akitetea msitu wa Karura, na wanafunzi wa Nairobi wakaingia mitaani kwa ajili ya msitu huohuo. Mimi ninachomwonea wivu ni kanuni ile ndogo ya malipo. Sisi tulimlipa mpiga picha.

Tulimwendea yule mama wa kokoto tukiwa na daftari letu. Kati yetu tulikuwa tumeshaanza kumwita Mama wa Mawe. Nilitarajia atucheke, maana alikuwa na haki hiyo. Alilitazama daftari kwa adabu, akatazama mawe, akasema: “Mulipanda kwenye jiwe. Jiwe haina maziwa.”

Kisha akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akatutembeza katika pori letu wenyewe. Akatuonyesha kitu cha kijivu kilichoota juu ya lava kama ukungu ulioganda. Kitaalamu huitwa Stereocaulon, na ndicho kinachofanya mtiririko wa zamani wa Nyamulagira, mlima wa moto wa jirani, uonekane kama umemwagiwa majivu ukiutazama kwa mbali. Sisi tulikuwa tukikikanyaga. Yeye alisema hicho ndicho kinachotangulia. Kikifa, vumbi lake linaingia kwenye ufa, halafu inakuja kangaga, halafu majani, halafu vichaka. “Mutafute pale majani imetangulia, munapanda nyuma yake.” Asista, aliyekuwa amelifundisha somo hilohilo kwa wiki mbili kwa michoro na istilahi za Kifaransa, alikunja mikono kifuani akasikiliza kama mwanafunzi.

Kuhusu mti wa kupanda, alikuwa na rai yake. Mikaratusi ni ya mashamba, alisema, inakunywa sana na haitaki majirani. Hapa wekeni muvumu. Muvumu ni mti wa jamii ya mkuyu, ambao wazee wa milima ya huku waliupanda kuzunguka maboma yao. Hauhitaji kitalu. Unakata tawi nene kama mkono, refu kama mtu, unalilaza kivulini siku kadhaa mpaka utomvu wake mweupe unakauka penye jeraha, halafu mvua zikianza unalisimamisha ndani ya ufa wenye udongo, unalikaza kwa mawe. “Muvumu inakuja na maziwa yake,” alisema, na hapo ndipo nilipoelewa neno lake la kwanza.

Septemba ile tulipanda vigingi 40 tu. Hakukuwa na bango. Kazi ilituchukua Jumamosi nne, kwa sababu kila kigingi tulikitafutia ufa wake, tukaleta udongo mweusi kwa chukudu, tukapanga mawe upande wa jua ili kivuli kibaki kwenye shina. Agosti iliyofuata safu ya pili ilisema 31.

Kuna somo jingine la pori lile ambalo lingeweza kutugharimu maisha. Katika mpango wa masomo wa 2015 tuliweka zoezi la kuhesabu ndege saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa kila kitabu kinasema ndege huhesabiwa alfajiri. Asubuhi ya pili, wawili wa G1 waliteremka kwenye kibonde kilichokuwa mwisho wa kiwanja, upande wa ziwa, wakifuata kunguru aliyekuwa amelala chini. Mama wa Mawe, aliyekuwa anafika na gunia lake, alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mwanamke yule mtulivu. Vijana wakarudi mbio. Mmoja alisema kichwa kilikuwa kimeanza kumzunguka.

Ilikuwa mazuku. Kila mtoto wa Himbi, Kyeshero na Bulengo ameonywa juu ya mazuku, lakini wanafunzi wale walikuwa wametoka Butembo, na sisi tuliozaliwa Goma hatukuwa tumefikiria kwamba pori la chuo nalo lingekuwa nayo. Ni hewa ya ukaa inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hutulia kwenye mabonde kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Mbuzi huingia hasimami tena. Ndege hushuka kumla mdudu aliyekufa, naye hufa juu yake. Wanasayansi wa nje waliokuja kuzichunguza hewa hizi walilichukua neno letu kama lilivyo, na leo mazuku limeandikwa katika makala za kitaalamu za volkano duniani kote. Walifanya vyema. Lakini neno lilisafiri mpaka kwenye majarida na halikufika kwenye ramani ya kiwanja chetu wenyewe, ambayo ilionyesha kibonde kile kwa rangi ya kijani na maandishi “eneo la uchunguzi.”

Tulirundika mawe kukizunguka kibonde, tukayapaka chokaa. Zoezi la ndege likahamishiwa saa mbili, jua likiwa juu. Kama kitabu kilitaka alfajiri, basi kitabu hakikuandikwa Goma. Asista alibandika sheria mpya kwenye ubao wa promosheni: kabla ya kuanza kazi mahali papya, waulizeni kwanza wanaoketi pale kila siku. Na yule kunguru akaingia kwenye daftari, safu ya kwanza.

Nisijifanye kwamba baada ya hapo tulikuwa watu wema. Mwaka uleule tulifanya kosa letu kubwa kuliko yote, tena kwa nia safi. Vigingi vilikuwa vimeshika, majani yametoka, na sisi tukaingiwa na wivu wa mwenye mali. Kina mama wa jirani walizoea kupita pale kuokota kuni na kukata majani ya mbuzi. Tukaanzisha zamu za ulinzi. Tulijiona kama walinzi wa Virunga, hifadhi iliyo mlangoni petu, ya kwanza kabisa kutangazwa hifadhi ya taifa barani Afrika, mwaka 1925, na ambayo walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Ni heshima kubwa kujifananisha na watu hao. Ni ujinga pia, ukiwa adui yako ni mama mwenye mzigo wa matawi makavu. Jumamosi moja tulimnyang’anya mwanamke mmoja panga lake. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyelishika.

Wiki iliyofuata tulikuta vigingi saba vimeng’olewa na kulazwa chini kwa mpangilio, kimoja kando ya kingine. Aliyeving’oa hakuviiba wala hakuvichoma. Alikuwa ametuandikia barua.

Nyumba kumi wa mtaa ule, yaani kiongozi wa nyumba kumi, ndiye aliyetukalisha pamoja, wanafunzi upande huu, kina mama upande ule, kwenye mabenchi ya kanisa. Tulirudisha panga mbele ya watu wote na tukaomba radhi. Kisha kina mama wakaeleza hesabu zao. Gunia la makala, mkaa wa kupikia, hupanda bei kila mara njia ya Masisi au Rutshuru inapofungwa. Asiye na fedha ya makala anapika kwa anachookota. Ukimfukuza hapa, ataingia Virunga, na huko atakutana na mtu mwenye bunduki, wa serikali au wa porini. Sisi tulikuwa tumehifadhi hekta chache kwa kusukumia njaa ya kuni kwenye hifadhi kubwa zaidi.

Makubaliano yalikuwa mafupi. Matawi makavu na majani ni ya majirani, siku yoyote. Mti mbichi haukatwi bila kuulizana. Na maji: kila Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja, chukudu zetu zingeleta mabidoni kumi, mawili yakiwa ya kina mama wanaopiga kokoto. Wao nao wangemwagilia vigingi vilivyo karibu nao wakati sisi hatupo.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichookoa pori, na hakuna kati yetu aliyeona hivyo siku ile. Chukua kalenda ya chuo uiweke juu ya kalenda ya mvua, utaona. Mvua huanza Septemba, ndipo wanafunzi wanaporudi na nguvu mpya, na ndipo wanapopanda. Kiangazi huingia Juni, ndipo mitihani inapoanza, halafu likizo. Miti hufa wakati wanafunzi wako nyumbani. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hupita. Kila miaka mitatu damu yote ya kundi letu inabadilika, na kumbukumbu yake inaondoka na TFC, kazi ya kumalizia masomo, ya mwisho. Nilipomaliza, nilimkabidhi daftari CP wa waliotufuata, lakini kilichomo ndani ya daftari ni tarakimu tu. Kigingi kipi kilipandwa na nani, ufa upi hushika maji, mbuzi wa nani ni mkorofi, hayo yote yalikuwa kichwani mwa wanawake waliokaa na nyundo. Hao ndio waliokuwa hifadhi ya chuo. Sisi tulikuwa wageni wake wa Jumamosi.

Nikawa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, nikapita pale mara chache kwa mwaka. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika tena, na anga la Goma likawa jekundu. Siku tano baadaye serikali ya mkoa iliamuru mitaa kumi ihamishwe, na maelfu ya watu wakamiminika kwenye barabara ya Sake. Nilikuwa nikimsukuma mama yangu juu ya chukudu ya kukodi. Tulipofika karibu na pori, foleni ilisimama kwa zaidi ya saa moja. Mamia ya watu walikuwa wamekaa chini ya mivumu. Sikuwa nimewahi kuiona ikiwa na watu chini yake. Kwa miaka tulikuwa tumehesabu mashina. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliona vivuli. Mama yangu aliteremka, akaegemea shina moja, akauliza nani aliyepanda miti mizuri namna hii juu ya mawe. Nilimwambia sijui. Ilikuwa jibu la kweli kuliko lolote ambalo ningeweza kulitoa.

Halafu vikaja vita. Tangu 2022 watu waliokimbia maeneo ya Rutshuru, Nyiragongo na Masisi walijaza kila nafasi wazi kuzunguka Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Mugunga. Kufikia 2024 walikuwa mamia ya maelfu, katika vibanda vya turubai vilivyopangwa juu ya lava, na Mei mwaka huo mabomu yakawafuata mpaka ndani ya kambi za Mugunga na Lac Vert. Watu wote hao walihitaji moto wa kupikia, kila siku.

Nilikwenda pori Jumapili moja baada ya ibada, nikijua nitakachokikuta. Bado kilinipiga. Grevilea zilizokuwa zimebaki hazikuwapo. Kwenye muvumu mmoja mkubwa kulikuwa na mwanamke kijana amepanda juu, panga mkononi, mtoto wake amelazwa chini kwenye kitenge. Na aliyekuwa amelishika tawi ili lisimwangukie mtoto alikuwa Mama wa Mawe.

Nilisimama. Nadhani aliona usoni mwangu yule kijana wa panga wa mwaka 2015, maana alisema kabla sijafungua mdomo: “Mwalimu, muvumu inakatwa. Ndiyo kazi yake.” Akamgeukia yule aliye juu: “Hapo, mwanangu. Juu ya bega. Usishuke.” Alikuwa akimfundisha kukata juu ya kimo cha mtu, ambako mbuzi hafiki, ili shina libaki na kuchipua.

Tulikaa chini baadaye, tukazungumza. Alikumbuka 1994, wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda na Mugunga ikawa mji wa mahema. Mwaka ule, alisema, watu walikata mpaka visiki, na hakuna aliyewaambia kitu, kwa sababu waliowatazama waliwaogopa au waliwahurumia, wakanyamaza. “Mutu akiwa na njaa haumukatazi. Unamuonyesha fasi ya kukata.”

Nimesikia mihadhara mingi kuhusu uhifadhi shirikishi. Yote ingeweza kuingia ndani ya sentensi hiyo. Tangu utoto tumefundishwa kwamba mtu mbele ya mti ana njia mbili, kuulinda au kuukata, na mijadala yetu yote ya makala na ya Virunga huishia kwenye kugawa watu katika makundi hayo mawili. Mama wa Mawe alikuwa upande wa tatu, nao ni wa zamani kuliko hizo mbili. Ni upande wa mkulima aliyepanda uzio wa muvumu akijua kwamba ataukata maisha yake yote, na mwanawe pia. Hata miradi iliyofaulu kidogo huku, kama ile ya EcoMakala iliyoanza 2007 na kuwasaidia wakulima kupanda mashamba ya miti ya makala nje ya hifadhi, ilifaulu kwa sababu ilikubali jambo hilo moja: mti utakatwa, basi tupange utakatwaje.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma penyewe, waasi wa M23 wakauteka mji. Mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakaondoka na turubai zao. Sitasimulia siku hizo hapa. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, shule zikafunguliwa tena polepole, na nikajikuta mbele ya watoto wa miaka kumi na sita niliopaswa kuwafundisha usanisinuru.

Julai nikawapeleka kumi na mmoja kati yao porini. Sikuwa na ruhusa ya mtu, wala hapakuwa na wa kuiomba. Daftari la bluu lilikuwa limenirudia. CP wa mwisho alikuwa ameliacha kwa shangazi yake kabla ya kuvuka mpaka, na shangazi akanitafuta. Kurasa zake za katikati zilikuwa zimelowa na kukauka. Gunia la Mama wa Mawe halikuwapo mahali pake. Jirani mmoja alisema amekwenda upande wa Minova kwa binti yake, mwingine akasema hajui. Rundo la kokoto lilikuwa pale, limepangwa vizuri, na hakuna aliyeligusa.

Niliwagawa wawili wawili, nikawaeleza safu zetu mbili, nikawaonyesha kibonde chenye mawe ya chokaa na kuwaambia kwa nini. Niliketi karibu na rundo lile kusubiri. Nilijua watakachorudi nacho. Kila muvumu ulikuwa umekatwa, na macho yangu yaliona mashina mafupi meusi yamesimama kama nguzo za nyumba iliyoungua. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani maneno ya kuwafariji.

Msichana aliyeshika daftari alirudi akalifungua mbele yangu. Safu ya pili ilisema 26. Nikamuuliza alihesabu nini. Akanitazama kama mtu anayetazama mwalimu aliyechoka, akanishika mkono wa shati, akanipeleka kwenye shina la karibu. Lilikuwa limekatwa juu ya bega, sawasawa, na kuzunguka jeraha lote kulikuwa na machipukizi mekundu-kijani, marefu kama kidole. Nikaenda la pili. Hivyohivyo. La tatu, hivyohivyo. Yeye hakuwa na shaka kwamba kitu hicho ni mti, na kwamba kiko hai, wala hakuona sababu ya kumwuliza mtu aandike wapi.

Ilikuwa kiangazi. Tulikuwa tumekuja na mabidoni matatu.